Malalamiko: Emacs hainiachii ukubwa wa madirisha niliouweka, na mimi nimechoka

Wanajamvi, habari za jioni.

Naandika nikiwa Mwanga, Kigoma, na naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu, kwa sababu jambo hili nimelimeza kwa miezi kadhaa na leo limekataa kushuka. Ninatumia Emacs, ile programu ya kuandikia ambayo mtumiaji anaweza kuibadilisha karibu kila kiungo kwa lugha yake ya Lisp, na lalamiko langu ni moja tu: haikubali kukaa katika ukubwa niliouweka. Sina ugomvi na rangi zake, sina ugomvi na vitufe vyake vya kupinda vidole. Ugomvi wangu ni vipimo.

Nina duka dogo la kuchapa na kutoa nakala. Mchana nachapa barua na mikataba, na jioni naandika programu ndogo za Python za kuwafungia hesabu wafanyabiashara wa dagaa na mawese. Kompyuta yangu ni mpakato ya mtumba yenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768, na kwa kuwa macho yangu yameanza kugoma, nimeweka fonti ambayo kila herufi inachukua pikseli 10 kwa upana na 22 kwa kimo. Pigeni hesabu wenyewe: skrini nzima hainipi zaidi ya safu 136 na mistari 34, na ukiondoa tepe za juu na chini, ninabaki na mistari 30 hivi. Katika hiyo 30 ninachotaka ni hiki: msimbo juu mistari 22, matokeo chini mistari 7, na mstari mmoja wa mwisho ambao Emacs huutumia kuuliza maswali yake. Sijaomba kitu kikubwa.

Sasa sikieni yaliyonikuta juzi. Mama mmoja wa dagaa, ambaye ni mteja wangu wa muda mrefu, alikuja dukani akiwahi boti ya kutoka Kibirizi kurudi Mwamgongo, akitaka karatasi ya hesabu ya magunia yake. Nilimwamkia, nikawasha kompyuta, na Emacs ikafunguka kwa namna yake ya kila siku: kwanza kijisanduku kidogo pembeni, kisha kikajitanua ghafla mbele ya macho yetu, kisha kikatanuka tena fonti ilipoingia. Mama akaniuliza, “Mwanangu, hicho kitu mbona kinaruka-ruka?” Nikacheka kwa aibu. Nikafanya kazi, nikarekebisha bei ya gunia, nikaamuru programu ijifunge, na hapo kila kitu kikasimama. Nilibonyeza kitufe hiki na kile bila jibu, mama anatazama saa yake, nami jasho linanitoka, mpaka nikaizima kwa nguvu.

Haikuwa imeganda. Ilikuwa imeniuliza swali la kawaida kabisa, kama ninataka kuhifadhi faili kabla ya kufunga, na ilikuwa inasubiri nijibu ndiyo au hapana, lakini mstari wa swali hilo ulikuwa chini ya ukingo wa skrini, mahali ambapo hakuna jicho linaloweza kufika. Nashukuru kwamba Emacs hujiwekea nakala yenyewe kila baada ya herufi 300 au ukiiacha kimya kwa sekunde 30, kwa hiyo nililikuta faili lenye alama za reli (#) mwanzoni na mwishoni mwa jina lake na nikarudisha kazi kwa amri ya recover-this-file. Mama aliondoka na karatasi yake, lakini aliondoka akikimbia.

Chanzo cha mkasa huo nimekipata, na sehemu ya lawama ni yangu. Faili langu la mipangilio nilipewa na kijana mmoja fundi, ambaye yeye anatumia skrini kubwa ya mezani, na ndani yake ameandika fremu, yaani kisanduku kizima cha Emacs kwenye skrini, ya safu 120 kwa mistari 45. Emacs haipimi kwa pikseli bali kwa herufi. Mistari 45 kwa fonti yake ndogo ilimtosha, lakini kwa fonti yangu mistari hiyo ni pikseli 990, na skrini yangu ina 768. Tena ubaya hauishii hapo: ukibadilisha fonti wakati fremu imekwisha kufunguka, Emacs kwa kawaida huilinda idadi ya safu na mistari na kuiacha fremu yenyewe ivimbe. Kuna kigezo kinachoitwa frame-inhibit-implied-resize cha kuikataza, lakini niambieni, ni nani anayeanza kujifunza ambaye angekisia kwamba kuongeza ukubwa wa herufi ni sawa na kusukuma ukuta wa nyumba?

Halafu kuna suala la majina, ambalo limenipotezea usiku mwingi kuliko hata vipimo vyenyewe. Kile ambacho sisi sote tunakiita dirisha, yaani kisanduku chenye alama ya kufungia juu yake, Emacs inakiita fremu. Kile ambacho Emacs inakiita dirisha ni kipande kilicho ndani ya kisanduku hicho. Najua sababu yake ni ya kihistoria: GNU Emacs ilitolewa mwaka 1985, wakati watu wengi walikuwa bado mbele ya skrini za herufi tupu za safu 80 kwa mistari 24, na neno dirisha lilikuwa limekwisha kuchukuliwa. Sawa, tuheshimu ukongwe. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu anauliza namna ya kupunguza dirisha anajibiwa habari za fremu, na anayeuliza habari za fremu anapewa amri ya C-x ^ (hiyo C- ni kushikilia kitufe cha Ctrl) ambayo inarefusha kipande kimoja kwa mstari mmoja, kana kwamba nina siku nzima ya kubonyeza.

Sasa nifike kwenye donda lenyewe. Emacs inapotaka kuonyesha kitu kipya, hujiuliza kama kuna dirisha la kugawanya, na vizingiti vyake ni mistari 80 kwa mgawanyo wa juu na chini na safu 160 kwa mgawanyo wa ubavuni. Rudini kwenye hesabu yangu ya safu 136 na mistari 30. Mimi sifikii kizingiti hata kimoja. Kuna huruma ndogo: dirisha likiwa moja tu, hugawanywa juu na chini hata kama ni fupi. Ila yakishakuwa mawili, kitu kipya hakipewi chumba chake, kinaingizwa katika dirisha dogo la chini, na hapo ndipo kigezo cha even-window-sizes, ambacho huja kikiwa kimewashwa, kinaingia kazini na kusawazisha. Mistari 22 na 7 niliyoipanga kwa mkono inakuwa 15 kwa 14, bila hodi.

Na hebu oneni dhihaka hii. Nilipotaka kujua maana ya kigezo hicho, nikabonyeza C-h v na kuandika jina lake, maelezo yalifunguka katika dirisha la chini, na palepale dirisha hilo likajitanua na kula mistari saba ya msimbo wangu. Yaani ukurasa unaonieleza kwa nini madirisha yanasawazishwa ulikuja kwa kusawazisha madirisha! Ukiufunga kwa kitufe cha q unarudishiwa kimo chako, lakini ukisahau na kuendelea na kazi, nusu inabaki nusu mpaka uinuke mwenyewe na panya ukaburute mstari wa hali, ule unaotenganisha madirisha.

Kabla hamjaniambia nisome mwongozo, niwaeleze nilichokwisha kufanya, maana majibu ya “jifunze Lisp” nimeyapokea ya kutosha kufunikia nyumba. Nimezima even-window-sizes. Nimehamisha vipimo vya fremu kwenye faili la early-init.el, ambalo lilianza na toleo la 27 mwaka 2020 na ambalo husomwa kabla fremu ya kwanza haijachorwa, nikaweka na fonti humohumo, na ule mrukoruko aliouona mama umekwisha. Kwa vipimo hivyo nimetumia orodha ya default-frame-alist badala ya initial-frame-alist, kwa sababu hiyo ya pili huihusu fremu ya kwanza tu, na wale mnaoiwasha Emacs kama huduma ya nyuma na kufungua fremu kwa emacsclient hamtaiona kazi yake hata kidogo. Hapo pia nilipoteza siku mbili, kwa kuwa nilikuwa nimeandika orodha hiyo kwa mkono juu ya faili, kumbe menyu ya Customize ilikwisha kuiandika upya chini kabisa, na aliyeandika mwisho ndiye anayesikilizwa. Winner-mode nimeiwasha, nayo kwa C-c na mshale wa kushoto hunirudishia mpangilio uliovurugwa. Ni dawa ya kutuliza maumivu, wala si tiba. Desktop-save-mode nayo inakumbuka madirisha ya jana, lakini mimi ninavurugiwa ya dakika mbili zilizopita.

Kilicho karibu zaidi na tiba ni kigezo cha display-buffer-alist, cha kuagiza kila kitu kifunguke wapi, ambacho kipo tangu toleo la 24 la mwaka 2012. Humo nimeagiza kwamba matokeo ya programu, maelezo ya msaada na ujumbe wa makosa vyote viende katika dirisha la kando, yaani linaloshikizwa kwenye ukingo wa fremu, langu likiwa ukingo wa chini, lenye robo ya kimo. Mara ya kwanza niliandika 25 nikidhani ni asilimia, na Emacs ikanipa mistari 25 ya matokeo na kuniachia kijisehemu cha msimbo. Kumbe namba nzima ni mistari, na robo inaandikwa 0.25. Haya, nimeelewa. Lakini nikiliburuta dirisha hilo la chini hadi mistari 10 kwa sababu leo hesabu ni ndefu, kisha nikalifunga, likifunguka tena linarudi kwenye robo yake kana kwamba sikuwahi kuligusa. Na nikiwa ndani yake nikabonyeza C-x 1 ili nilisome kwa ukubwa wote, naambiwa dirisha la kando haliruhusiwi kubaki peke yake.

Ninachokitaka kutoka kwenu ni kitu mahususi. Kama yupo anayetumia skrini ya 1366 kwa 768 au ndogo kuliko hiyo, na amefaulu kulifanya dirisha la chini likumbuke kimo alicholipa kwa mkono hata baada ya kulifunga na kulifungua, aniwekee hapa mistari yake ya Lisp, pamoja na ukubwa wa fonti yake kwa pikseli. Wenye skrini kubwa za mezani naomba mpumzike kidogo, faili la mmoja wenu ndilo lililoniaibisha mbele ya mteja.