Naomba ushauri: Miami, Nassau, halafu Havana. Nikirudi nitapata shida?

Nanga Juu
Wakuu, habari za muda huu. Niko Florida, nataka kwenda Cuba siku sita, ila nasikia Marekani hairuhusu kutalii kule. Nimeona njia ya kurukia visiwani: Miami hadi Nassau pale Bahamas, nalala usiku mmoja, kisha Nassau hadi Havana, na kurudi njia ileile. Swali langu ni moja tu: Cuba wanagonga muhuri kwenye pasipoti? Wasipogonga, si nitaonekana nimetoka Bahamas tu? Zimebaki wiki tatu na usingizi siupati. Naombeni msaada.

Dirisha la Nne
Muhuri wa Cuba ndilo jambo dogo kuliko yote, mkuu. Hesabu mihuri ya Bahamas. Utaingia Nassau, utatoka, siku chache baadaye utaingia tena. Kuingia mara mbili nchi moja ndani ya wiki, na katikati hukuwa Marekani: ofisa anauliza tu, "ulikuwa wapi?"

Tena pale uwanja wa Nassau kuna maofisa wa uhamiaji na forodha wa Marekani. Wanakukagua kabla hujapanda ndege, ukitua Miami unatoka kama abiria wa ndani. Kwa hiyo utaulizwa ukiwa bado Bahamas, saa chache tu tangu ushuke kutoka Havana, na sigara za Cuba zikiwa kwenye begi ukizibeba (sigara na ramu za kule haziruhusiwi kuingia tangu Septemba 2020). Ukimdanganya ofisa, huo uongo ni kosa linalojitegemea.

Bi Tausi
Kabla hatujaenda mbali: Marekani unaishi kwa hadhi gani? Jibu linabadilika kabisa.

Mkia wa Nyangumi
Kwa wenye pasipoti za Ulaya wanaosoma uzi huu: aliyekanyaga Cuba tangu 12 Januari 2021 hapati tena ESTA (ile ruhusa ya mtandaoni ya kuingia Marekani bila viza), lazima aombe viza ubalozini. Siku hiyo Marekani iliirudisha Cuba kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi. Upitie Nassau, Cancún au Panama, ni yaleyale. Fomu inauliza kama ulifika Cuba, haiulizi ulipitia wapi.

Nanga Juu
Asante, lakini mimi sihitaji ESTA. Hadhi yangu iko sawa. Naomba turudi kwenye muhuri.

Bi Tausi
"Iko sawa" haitusaidii, mdogo wangu. Viza ya masomo? Ya matembezi? Green Card? Uraia?

Nanga Juu
Haya. Green Card, mwaka wa pili. Sikuitaja kwa sababu watu wakiisikia wanaanza mahubiri. Pasipoti yangu ni ya nyumbani, na nyumbani hatuna ugomvi na Cuba. Nikiwa Bahamas sheria ya Marekani inanihusu nini? Halafu tiketi nimeshalipia.

Dirisha la Nne
Inakuhusu moja kwa moja. Kanuni za kudhibiti mali za Cuba, za mwaka 1963, zinamhesabu raia wa Marekani na mkazi wa kudumu, yaani mwenye Green Card kama wewe, popote walipo duniani, pamoja na yeyote aliye ndani ya Marekani. Kinachobanwa hasa ni fedha: kulipia chumba, teksi, chakula. Kupitia nchi ya tatu hakuondoi hata senti moja kwenye hesabu hiyo. Faini ya juu inapita dola 100,000 kwa kosa moja.

Ila huna sababu ya kujificha. Kuna makundi 12 ya safari zilizoruhusiwa, na nyingi huhitaji hata kuomba barua ya kibali: unasoma masharti, ukiyatimiza unakwenda. Ndege za ratiba kutoka Marekani zilirudi mwaka 2016 kwa ajili ya watu haohao.

Mzee wa Jahazi
Vikwazo hivi ni uonevu. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa linavipigia kura ya kuvipinga karibu kila mwaka tangu 1992. Mwaka 2024 zilikuwa nchi 187 dhidi ya 2. Mtu akimtembelea jirani aliye maili 90 kutoka Key West asihesabiwe mhalifu. Kijana, nenda.

Kobe Mpole
Mzee, shikamoo. Nakubaliana na wewe kuhusu uonevu, lakini kura ya New York haimtetei mtu aliyesimama mbele ya dirisha la ofisa.

Mtoa mada, kundi linalomfaa msafiri binafsi ni lile la kuwasaidia wananchi wa Cuba. Wengi wanakosea hapa: wanadhani kulala nyumba ya mtu (casa particular), kula mgahawa wa mtu binafsi (paladar) na kununua kwa wachuuzi kunatosha. Hakutoshi. Lazima uwe na ratiba ya siku nzima ya shughuli zinazokukutanisha na Wacuba wenyewe. Mfano wa siku moja: saa 3 asubuhi darasa la dansi kwa mwalimu anayejitegemea, saa 6 chakula paladar, saa 8 hadi 11 kwenye karakana ya mchoraji, mnaongea kazi zake na biashara yake. Muda wa kupumzika usiimeze ratiba.

Yote hayo yaandike: tarehe, saa, mahali, ulikutana na nani, ulilipa kiasi gani. Risiti kule ni adimu, kwa hiyo beba daftari na umwombe mwenyeji asaini kila ukurasa. Zamani kumbukumbu zilitunzwa miaka 5. Tangu 12 Machi 2025 ni miaka 10. Piga picha kurasa zote siku hiyohiyo, maana daftari likilowa jasho wino unapotea.

Sasa tuambie, unalala wapi?

Nanga Juu
Hoteli ya ufukweni Varadero, siku tano, chakula na vinywaji vyote ndani. Wakala alinipa bei nzuri. Jioni moja nitacheza salsa na wenyeji, si inahesabika?

Kobe Mpole
Haihesabiki. Hoteli kubwa za Varadero ni mali ya serikali ya Cuba, na hizo ndizo zilizojaa kwenye orodha ya malazi yaliyokatazwa, iliyotolewa Septemba 2020. Siku tano za kulala mchangani ni utalii, na utalii umefungwa na sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 2000. Rais hawezi kuufungua kwa sahihi yake. Hata kampuni kubwa zinabanwa: Januari 2022 Airbnb ilikubali kulipa dola 91,172 kwa makosa ya Cuba, na sehemu yake ilikuwa kutotunza kumbukumbu ipasavyo.

Mpini
Yeyote anayekwenda, kwa njia yoyote, azingatie haya. Kadi ya benki ya Marekani haifanyi kazi kule, kwa hiyo bajeti yote iwe taslimu, na uongeze theluthi ya dharura. Noti ziwe ndogondogo, safi, zisizochanika wala kuandikwa kalamu. Yenye doa la wino inakataliwa. CUC, ile sarafu ya pili ya Cuba, ilianza kuondolewa Januari 2021, anayekurudishia chenji ya CUC anakupa karatasi. Usifungue programu ya benki ukiwa kule, akaunti inaweza kufungwa kwa kuonekana umeingia kutoka Cuba. Na beba tochi na betri ya akiba: Oktoba 2024 mtambo wa Antonio Guiteras kule Matanzas ulizimika, nchi nzima ikabaki gizani.

Nanga Juu
Mnanitisha bure. Rafiki yangu mwaka jana alipanda meli ya kitalii Miami, ikatia nanga Havana, akashuka mchana na hakuulizwa chochote. Na wakala kasema akinitumia ile kadi ya kitalii ya pinki ya kuingilia Cuba kwa posta, nimemaliza.

Siti ya Mbele
Hapa tunanyweshwa chai. Meli za kitalii za Marekani zilizuiwa kwenda Cuba tangu Juni 2019, pamoja na yoti na mashua binafsi. Mwaka jana alipanda meli gani? Kadi ya pinki nayo ilikuwa ya wanaoruka kutoka Marekani. Anayetokea Nassau alichukua ya kijani. Na tangu 2025 kadi za karatasi zimebadilishwa na viza ya kielektroniki, yenye namba unayoijaza kwenye D'Viajeros, fomu ya mtandaoni ya kuingia Cuba, ndani ya siku 7 kabla ya kufika. Mtu aliyelipia safari hashindwi kujua hilo. Wasimamizi, fungeni uzi.

Bi Tausi
Msifunge. Ya meli huenda rafiki yake alimpiga kamba. Mimi ya kadi ndiyo inanitia shaka: anayetunga uzi angesoma kwanza, hakosei rangi. Anayekosea rangi ni aliyeambiwa na mtu.

Mdogo wangu, chukua ile namba ya booking yenye herufi sita. Usibofye kiungo cha wakala. Andika mwenyewe anwani ya shirika la ndege, weka herufi hizo na jina la ukoo, utuambie unaona nini.

Nanga Juu
Nimeingiza. Inaonyesha Miami–Nassau, kwenda na kurudi. Nassau–Havana haimo.

Siti ya Mbele
Nafuta maneno yangu, mkuu, unisamehe. Hiyo tiketi ya Nassau ni halali, unaweza kuitumia ukaishia hapohapo. Ya Havana na hoteli ulilipa vipi?

Nanga Juu
Kwa Zelle, ile huduma ya kutuma pesa moja kwa moja kutoka benki hadi benki.

Bi Tausi
Kadi ya mkopo ungepinga malipo. Zelle ukishatuma imeshaingia kwake. Hata hivyo piga benki sasa hivi, sema umetapeliwa, uwape tarehe, kiasi na namba ya simu iliyopokea. Hifadhi mazungumzo yote kabla hajayafuta. Na akikudai nyongeza yoyote, usitume.

Nanga Juu
Jana usiku alidai dola 85 za hiyo kadi ya pinki. Nilikuwa nimtumie kesho asubuhi.