Kipande cha bodi kisichojulikana: msimbo, testa au kufuata saketi?

FundiKondele, Kisumu
Wakuu, habari za kazi. Nina bodi ya pawa ya tivii ya inchi 32, imeletwa baada ya stima kupotea na kurudi kwa kishindo wakati wa mvua. Fyuzi imekatika, mosfeti (transista inayokata na kuunga umeme) imeshoti, na kichipu cha miguu sita kando yake kimepasuka. Maandishi yanayosomeka ni "63" tu. Ninyi huanzia wapi: msimbo mtandaoni, testa ya vipande, au kufuata saketi kwa mita? Pesa ni kidogo, nataka kujua kipi kinalipa.

SoldaNakuru
Msimbo ni bure, anza hapo, ila usiuamini peke yake. Kipande kidogo hakina nafasi ya jina zima, hivyo kiwanda huandika herufi mbili tatu, na viwanda havikukubaliana. "1A" yaweza kuwa transista BC846A inayovumilia volti 65, au MMBT3904 ya volti 40. Kwa mosfeti, A1SHB ni Si2301, P-chaneli; A2SHB ni Si2302, N-chaneli, yaani aina mbili zinazofanya kazi kinyume. Ukikosea tarakimu moja tu, umeweka kitu kinyume kabisa. Sugua kwa spiriti, mulika taa kutoka ubavuni, usome kwa kioo cha kukuza. Resista hazina shida: 472 ni kiloomu 4.7, 01C ni kiloomu 10.

MitaMkononi, Kakamega
Mimi natetea testa. Zile za bei nafuu zenye kichipu cha ATmega328 zinatokana na kazi ya Mjerumani Markus Frejek, iliyoendelezwa na Karl-Heinz Kübbeler. Ukiweka transista isiyo na maandishi inakuonyesha aina yake na mguu upi ni besi, ule wa kuiongoza. Kapasita inakupa thamani na ESR (ukinzani wake wa ndani), na hapo ndipo inaposhinda mita nyingi za kawaida. Zile kapasita ndogo za kahawia hazina maandishi hata kidogo, utazijuaje bila kupima? Lakini toa chaji kwanza, la sivyo testa inaungua palepale. Zena (dayodi za kushikilia volti) za volti nyingi haizisomi, maana testa yenyewe hupima kwa volti 5.

FundiKondele
Chipu yangu imekufa. Testa itaniambia nini?

DadaWaBodi, Bungoma
Haitakuambia kitu, kaka. Hata ingekuwa nzima, testa hiyo haitambui chipu. Hapo ni kufuata saketi, na kwa bodi za pawa ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu njia za shaba haziungui kirahisi kama maandishi.

Chomoa stima, kisha pima kapasita kubwa. Kwa stima yetu ya volti 240 huwa inafika volti 340 hivi, na inaweza kubaki na chaji. Chaji ikiisha, weka mita kwenye mlio, ule unaolia njia ikiwa imeungana, ukague miguu ya chipu. Mguu wa 1 ulie na hasi ya kapasita hiyo. Wa 2 uende kwenye optokapla (kipande kinachopitisha ishara kwa mwanga), kwa kawaida PC817. Wa 3 uwe na resista ya kiloomu 100 hivi kwenda hasi. Wa 4 utoke kwenye resista nene iliyo chini ya mosfeti, mara nyingi kupitia resista nyingine ndogo. Wa 5 uguse kapasita ndogo ya elektroliti. Wa 6 uende kwenye geti, mguu wa kuiongoza mosfeti. Ikikubali yote, "63" yako ni OB2263.

SoldaNakuru
Dada amesema kweli. Ukipata bodi chakavu yenye namba ileile iliyochapishwa, linganisha nayo pia. Lakini kagua kila mguu, kwani kiwanda hubadilisha chipu bila kubadilisha namba ya bodi.

FundiKondele
Nimepima, miguu yote sita imekubali. Resista nene imekatika, imeandikwa R47. Naagiza OB2263, mosfeti, fyuzi na hiyo resista. Testa itasubiri.

DadaWaBodi
R47 ni omu 0.47, chukua ya wati zilezile. Mosfeti iwe ya volti 600 au zaidi, na upime daraja la dayodi (dayodi nne za kugeuza stima kuwa DC) pamoja na resista ya geti kabla ya kuweka kipya. Ukiwasha mara ya kwanza, pitisha stima kwenye balbu ya waya ya wati 60 badala ya fyuzi. Ikiwaka sana na isizime, chomoa haraka, bado kuna shoti.