Nimepata nafasi ya kusomea mwingiliano wa binadamu na kompyuta, nimetoka sosholojia: naomba mwongozo

Habari zenu ndugu wa jumuiya,

Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili katika mwingiliano wa binadamu na kompyuta, naanza muhula ujao. Shahada yangu ya kwanza ni sosholojia. Sijawahi kuandika programu hata moja, na lugha ya hapa naimudu nikisoma, ila mtu akizungumza haraka napotea. Rafiki mmoja ananiambia hiyo ni kozi ya watu wa kompyuta, nitasota. Mwingine anasema ni kozi ya kuchora skrini za kuvutia tu. Kama kuna aliyesomea au anayefanya kazi hiyo, naomba anieleze kinachofanyika humo hasa, na nijiandae vipi. Natanguliza shukrani.

---

Re: Mdogo wangu, hongera sana.

Mimi nilisomea fani hiyo huku ughaibuni na ndiyo kazi yangu hadi leo, kwa hiyo niwie radhi nikiandika kwa urefu.

Kompyuta imo na kuchora kumo, ila muda wako mwingi utakwenda kwa watu: kuwatafuta, kuwaomba, kukaa nao, kuwatazama wakihangaika na kitu ulichokisanifu, kisha kurudi mezani kukibadilisha. Mwaka 1985 watafiti John Gould, wa kampuni ya kompyuta ya IBM, na Clayton Lewis waliandika kanuni tatu ambazo utazisikia kila muhula: wafahamu watumiaji na kazi zao tangu mwanzo, pima kwa kuwatazama wakitumia, na rudia usanifu kila kipimo kinapoonyesha kasoro. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-210 kinasema karibu hayohayo kwa lugha ya kiofisi. Wewe umeshafundishwa kuhoji watu, kuwatazama na kuchambua maneno yao. Hapo ndipo wenzako waliotoka sayansi ya kompyuta hutokwa jasho.

Kuhusu kuandika programu, inategemea kozi iko chini ya idara gani. Vyuo vingine vimeiweka sayansi ya kompyuta, vingine saikolojia, vingine shule ya usanifu, vingine sayansi ya habari. Carnegie Mellon ya Marekani iliianzishia taasisi yake yenyewe mwaka 1994. Jina la shahada linaweza kuwa moja na masomo yakawa tofauti kabisa, kwa hiyo omba orodha ya masomo ya lazima, si ya hiari, uisome kabla ya kulipa chochote. Ukiona miundo ya data na uhandisi wa programu ni lazima, anza kujifunza sasa. Ukiona mbinu za utafiti, takwimu, saikolojia ya utambuzi na studio ya usanifu, basi tumia muda wako kwenye takwimu. Takwimu wengi huidharau, halafu inawakamata kwenye tasnifu.

Takwimu zinaingilia wapi? Mfano mzuri ni mwanasaikolojia Paul Fitts. Mwaka 1954 alionyesha kwamba muda wa mkono kufikia shabaha unategemea umbali wake na upana wake, na uhusiano huo ukawekwa kwenye hesabu. Kitufe kidogo kilicho mbali kinachelewesha, na unaweza kukadiria kwa kiasi gani. Fani hii ina sehemu za namna hiyo, zinazopimika kabisa, na ina sehemu ambazo utaamua kwa kumsikiliza mtu mmoja kwa saa nzima. Lazima uzimudu zote mbili.

Sasa nikupeleke ndani ya chumba cha majaribio. Tulikuwa tunapima ukurasa wa kuweka miadi ya kliniki. Mshiriki alikuwa mzee wa makamo, mtulivu, amevaa miwani ya kusomea. Tulimwomba aweke miadi huku akisema kwa sauti anachofikiria. Akajaza jina, akajaza tarehe, akafika kwenye kitufe cha kuendelea, kimefifia. Akakibonyeza. Kimya. Akakibonyeza tena, akasogeza kipanya juu ya ukurasa, akarudi kwenye tarehe, akaifuta, akaiandika vilevile. Kosa lilikuwa kwamba mfumo ulitaka mwezi utangulie siku, na haukusema popote. Mwisho akakunja mikono. Mwenzangu akamuuliza ameuonaje ukurasa. Akajibu, "Ni rahisi tu, mzuri."

Hakuwa amefanikiwa kuweka miadi. Ukiandika jibu lake bila kuandika ilichofanya mikono yake, ripoti yako itasema ukurasa hauna tatizo.

Jambo hili limepimwa. Mtafiti Nicola Dell na wenzake walifanya utafiti mjini Bangalore, India, wakauchapisha mwaka 2012. Waliwaonyesha watu vitu viwili vilivyo sawa kabisa, wakawaambia kimoja kimetengenezwa na yule anayewahoji. Watu wakakipendelea hicho kwa takriban mara 2.5 zaidi. Mhojaji alipokuwa mgeni kutoka nje anayehitaji mkalimani, upendeleo ukapanda hadi mara 5. Usome utafiti huo mapema, maana wewe utakuwa mgeni unayehoji wenyeji, na siku nyingine utawahoji watu wetu wanaokutakia mema kupita kiasi. Pande zote mbili utapewa majibu ya kukufurahisha. Dawa yake ni kutomwambia mshiriki kwamba kazi ni yako, kumpa matoleo mawili alinganishe badala ya kumuuliza kama anapenda, na kuandika vitendo kwanza, maoni baadaye.

Lugha isikutishe kama unavyofikiri. Majaribio huendeshwa kwa maelezo yaliyoandikwa, na unawasomea washiriki wote maneno yaleyale. Hiyo ni kanuni ya mbinu yenyewe, kila mtu hufanya hivyo, na wewe utapata muda wa kuyafanyia mazoezi. Mhoji mzuri husema kidogo. Maneno mawili matatu yatakutosha kwa sehemu kubwa ya kazi: unafikiria nini sasa hivi, ulitarajia nini kitokee, niambie zaidi. Tena mgeni ana nafasi ambayo mwenyeji hana: ukimwomba mtu akufafanulie jambo la kawaida kabisa, hashangai, anakufafanulia, na humo ndimo unapata data. Ila usifanye peke yako. Mwenzako mmoja aandike wakati wewe unaendesha, na urekodi sauti ili usikilize tena kwa utulivu.

Kurekodi kunanileta kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Vyuo vingi havikuruhusu kumgusa mshiriki hata mmoja kabla kamati haijapitisha ombi lako, na data uliyokusanya kabla ya kibali huwezi kuitumia. Kamati inaweza kuchukua wiki kadhaa, halafu ikakurudishia maswali. Andaa mapema fomu ya ridhaa, maelezo ya mshiriki kwa lugha nyepesi, na jibu la swali la rekodi zitahifadhiwa wapi na zitafutwa lini. Ukiwa Umoja wa Ulaya, sheria ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018 inakubana wewe mwanafunzi pia, kwa hiyo usiweke sauti za watu kwenye simu yako au hifadhi binafsi ya mtandaoni. Chuo kina seva, itumie.

Mwisho, idadi ya washiriki. Utasikia watu 5 wanatosha. Chanzo chake ni hesabu za watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer za mwaka 1993: ikiwa kila mtu anagundua wastani wa asilimia 31 ya kasoro, watano watafichua kama asilimia 85. Hiyo ni kwa kutafuta kasoro ili uzirekebishe na upime tena. Ukitaka kudai kwamba toleo moja lina kasi kuliko jingine, watano hawatoshi, na msimamizi atakurudishia tasnifu.

---

Re: Re: Salaam wote.

Naunga mkono karibu yote aliyoandika dada hapo juu. Niongeze upande wa ajira, maana mimi ndiye ninayepitia maombi ya vijana kazini kwetu.

Waajiri watataka kuona potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zako. Nyingi ninazoletewa zimejaa skrini safi, rangi zimepangika, na sioni popote mtu aliyezitumia. Nionyeshe tatizo lilikuwa nini, ulizungumza na nani, mchoro wa kwanza wa karatasi ulivyokuwa, walikwama wapi, ukabadilisha nini na kwa sababu gani. Kazi mbili zilizoelezwa hivyo zinanitosha. Picha za michoro ya karatasi zihifadhi tangu muhula wa kwanza, maana mwisho wa mwaka huzipati. Na ukifanya mazoezi ya kazi kwenye kampuni, uliza kwa maandishi unaruhusiwa kuonyesha nini.

Pili, jifunze ufikivu kwa watu wenye ulemavu kwa kina, usiuache kama mada ya wiki moja. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa kurasa za mtandaoni, WCAG 2.2, ulitoka Oktoba 2023, na Sheria ya Ufikivu ya Ulaya imeanza kutumika tarehe 28 Juni 2025, kwa hiyo benki, maduka ya mtandaoni na wauza tiketi wanahitaji watu wanaoijua kazi hiyo. Mambo mengine ni mepesi, kama uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya rangi ya maandishi ya kawaida na usuli wake. Lakini kaa siku moja na mtu asiyeona anayetumia kisoma skrini, yaani programu inayomsomea ukurasa kwa sauti, umsikilize anavyopita kwenye ukurasa ambao vitufe vyake havina majina: kitufe, kitufe, kitufe. Baada ya hapo hutahitaji kushawishiwa.

Ninapotofautiana kidogo na dada ni kwa watu wetu. Sisi kwenye orodha hii tuko tayari kushiriki, na tujitokeze. Ila usifanye tasnifu nzima kwa ndugu na marafiki, hata wakiambiwa kazi si yako. Tutumie kwenye jaribio la awali, la kunyoosha maswali yako. Isipokuwa kama mada yenyewe inatuhusu, kwa mfano fomu za serikali zinavyowakwamisha wahamiaji. Hapo sisi ndio watumiaji, na hiyo ni mada nzito inayostahili tasnifu.

Na kabla hujasaini mkataba wowote wa mazoezi ya kazi, pitia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa uulize kama viza yako inahesabu saa hizo kuwa sehemu ya masomo au kuwa ajira. Usichukue jibu la kampuni.

---

Re: Re: Re: Asanteni sana, nimeyasoma mara mbili.

Hiyo mada ya fomu za wahamiaji imenigusa, nadhani ndiyo nitakayoifuata. Nimeangalia ukurasa wa idara: kuna wasimamizi wawili wanaokaribiana nayo. Mmoja anachapisha sana kwenye CHI, mkutano mkubwa wa kimataifa wa fani hii, lakini kazi zake ni za uhalisia pepe (virtual reality). Wa pili ana machapisho machache, ila yote ni ya huduma za umma. Nimwandikie yupi?

---

Re: Re: Re: Re: Wa pili, mdogo wangu.

Mwandikie wiki hii, kwa aya tatu fupi: umetoka fani gani, unataka kuchunguza fomu ipi, na kwa watu wepi. Muulize wanafunzi wake waliopita walipata wapi washiriki na kamati ya maadili iliwachukua muda gani. Na orodha ya masomo ya lazima ukishaipata, itume hapa tuipitie pamoja.