Kuchora mimea na ndege kwa rangi za maji huku Mtwara, kuna maisha humo?

Binti_Chikongola:
Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini, nina diploma ya kilimo ila moyo wangu wote uko kwenye kuchora, na ninachochora ni mimea na ndege vile walivyo, mshipa wa jani, kucha za ndege, kila kitu mahali pake, kwa rangi za maji. Nyumbani wananiambia hayo mambo ya kitoto, kama ni kuchora basi nichore tingatinga watalii wanunue. Tingatinga naiheshimu sana, marehemu mzee Edward Saidi Tingatinga ni mtu wa kusini hukuhuku, Tunduru, ila ile ni rangi ya mafuta kwenye hadibodi na mnyama anachorwa kwa furaha ya mchoraji. Mimi nataka mtu akitazama picha yangu ajue huu ni mkorosho, na bwana shamba akiikagua asikute kosa.

Sasa shida zangu. Karatasi zinajikunja na zinashika ukungu, mvua zikianza ndo kabisa, rangi nyingine zinapauka ukutani. Halafu hela yenyewe inatoka wapi? Kuna mtu huku Mtwara au Lindi anaifanya hii kazi na inamlisha? Naombeni uzoefu wenu.

Mzee_wa_Mikindani:
Mdogo wangu umenigusa. Mimi nachora mimea miaka mingi sasa, inanilisha pamoja na shamba la korosho, sikudanganyi kwamba brashi peke yake inatosha kila mwezi, kuna miezi mizuri na kuna miezi unashukuru una shamba.

Tuanze na karatasi maana hapo ndo wengi wanakata tamaa bure. Tafuta ya gramu 300 kwa mita ya mraba, pamba asilimia 100, na kwa mimea chukua yenye uso laini, ile ya chengachenga waachie wanaochora bahari na mawingu. Karatasi nzuri inapakwa gundi kiwandani ili rangi ikae juu isizame, sasa unyevu wa pwani unaiharibu ile gundi polepole, ndo unakuta unapaka kijani inanyonywa madoamadoa na hakuna cha kufanya tena. Mimi zangu naziweka kwenye ndoo ya mfuniko unaobana pamoja na vile vipakti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, nakusanya kwa watu, vikilowa navianika juani navirudisha. Ndoo usiiweke sakafuni. Na kiboksi cha rangi usikifunge kikiwa kibichi, kiache wazi kikauke kabisa, ukifunga tu asubuhi unakuta ukungu. Rangi zilizotengenezwa na asali ndani huku kwetu achana nazo, hazikauki na sisimizi wanazifuata.

Kupauka sasa. Nyuma ya tyubu kuna namba ya rangi yenye herufi mbele, soma hiyo namba usisome jina, jina kila kampuni inaandika lake. PB29 ni bluu inayodumu, PBr7 ni za kahawia za udongo na zenyewe zinadumu. PR83 ni nyekundu nzuri mno machoni ila jua linaila, usimuuzie mtu kitu chenye hiyo. Kama huamini tyubu fanya hivi: paka michirizi kwenye kipande cha karatasi, funika nusu kwa kadi nyeusi, kibandike dirishani panapopigwa jua, kiache hadi msimu ubadilike ndo ufunue. Utazijua rangi zako zote kwa siku hiyo moja.

Kipanga77:
Samahani wakuu sio kwa ubaya, ila siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera kali. Nani atakulipa umchoree jani wakati anaweza kulipiga picha bure? Nauliza kwa nia njema kabisa maana na mimi nina mdogo wangu anapenda haya mambo.

Mzee_wa_Mikindani:
Swali zuri kaka, na wateja wenyewe wananiuliza hilohilo. Ngoja nijibu kwa mkorosho maana tunaujua wote.

Piga picha shada la maua ya mkorosho leo. Utapata maua ya leo tu. Sasa shada hilohilo lina maua dume mengi na machache yenye jinsia zote mbili, ndo hayo yanayozaa, na ua likifunguka petali zake ni nyeupe za kufifia, likizeeka zinageuka pinki mpaka nyekundu. Mchoraji anakuwekea yote kwenye karatasi moja, ua bichi, ua kuukuu, dume na lile linalozaa yamepasuliwa katikati yakakuzwa uone ile stameni (kijiti cha kiume cha ua) moja ndefu kuliko wenzake, jani jipya lenye wekundu wa shaba, jani kongwe, mgongo wa jani, na pembeni kamstari ka skeli msomaji ajue ukubwa. Kamera haiwezi kukusanya miezi kadhaa kwenye fremu moja. Kamera pia inachukua jani lililoliwa na mdudu na kivuli cha tawi la jirani, mimi natazama majani mengi kwanza ndo nachora lile linalowakilisha mengine.

Na hii kazi haijaanza jana. Maria Sibylla Merian alikwenda Suriname mwaka 1699 kuchora wadudu na mimea wanayoila, akaonyesha yai, kiwavi, bundo na kipepeo kwenye picha moja, na aliishi kwa kuuza kazi zake na kufundisha. Hapa jirani Kenya, Joy Adamson, yule wa simba Elsa, alichora mimea kwa rangi za maji kabla hajajulikana kwa simba.

Mkulima_Tandahimba:
Hapo kwenye korosho naomba niongeze maana wachoraji wengi wanatukosea. Korosho yenyewe ndo inatangulia kukua, inafikia ukubwa wake ikiwa ya kijani huku bibo, lile tunda lenye maji, bado kadogo kabisa juu yake, halafu bibo ndo linavimba na korosho inakuwa ya kijivu na inanywea kidogo. Nimeshaona bango limechorwa bibo kubwa jekundu na korosho ya kijani kibichi inaning'inia chini, mkulima akiona anajua aliyechora hajawahi kusimama chini ya mkorosho. Na dada ukichukua korosho mbichi kuipasua uchore ndani vaa glavu, yale mafuta ya ganda yanaunguza, ngozi inababuka kabisa.

Binti_Chikongola:
Asanteni sana, mzee wangu shikamoo. Mkulima umenisaidia kitu kikubwa, nina mchoro wenye lile bibo kubwa na korosho ya kijani, naanza upya. Swali: bibo likichumwa linalegea haraka mno, asubuhi linang'aa jioni limeshakunjamana, mnafanyaje? Na chozi, yule ndege wa kunyonya maua, ile kijani yake ya kumeremeta nimechanganya rangi zote nimeshindwa.

Mzee_wa_Mikindani:
Marahaba mwanangu.

Bibo usilichume. Nenda na ubao mpaka kwenye mti, likiwa bado tawini, paka kwanza rangi peke yake kwenye vipande vya karatasi, nyekundu ya begani, njano ya chini, ule mng'aro, andika pembeni saa ngapi. Umbo utalichora baadaye taratibu, rangi ndo inayokimbia. Mng'aro wa ngozi ya bibo hauupaki, unauacha, ni weupe wa karatasi yenyewe, kwa hiyo unaupanga kabla hujalowesha brashi. Kijivu cha korosho nakipata kwa PB29 na ile kahawia ya udongo iliyochomwa, bluu ikizidi kidogo ni kivuli, kahawia ikizidi ni upande wa jua. Nyeusi ya tyubu inaifanya ionekane imekufa.

Chozi sasa. Ile kijani haimo kwenye unyoya kama rangi, ni mwanga unavyorudi kutoka kwenye vitu vidogo vilivyojipanga ndani ya unyoya, ndo maana akigeuka kichwa unaona nyeusi tupu. Kwa hiyo usitafute tyubu ya kumeremeta. Weka kijani safi kabisa nyembamba sehemu ndogo tu, acha vijialama vya karatasi nyeupe, kisha pembeni yake weka giza zito la bluu ghafla bila kulainisha. Jicho la mtazamaji litamalizia lenyewe. Nilipoelewa hili nilifurahi siku nzima, nasema kweli.

Nyangao_Lindi:
Mimi nipo upande wa Lindi, nimewahi kuwapeleka watafiti msitu wa Rondo. Dada kama unataka viumbe ambao dunia inawahitaji kuchorwa basi ni kule. Kuna komba wa Rondo, mdogo mno, uzito wake gramu 60 hivi, wanasayansi wamempa jina lake miaka ya 1990 tu, mkia wake una manyoya yaliyosimama pande zote kama brashi ya kusafishia chupa na ndo alama ya kumtambua. Anatoka usiku, yuko juu, anaruka, picha za simu unapata macho mawili mekundu basi. Hapo mchoraji ana kazi, anachukua vipimo na picha mbovu kumi za watafiti anatoa komba mmoja anayeeleweka. Ila msitu ni hifadhi, pitia kwanza kwa watu wa TFS, wakala wa misitu wa serikali, upate kibali usije ukaingia kienyeji.

Kipanga77:
Nimeelewa sasa, nimejibiwa vizuri. Ila hela jamani, hamjaitaja.

Mzee_wa_Mikindani:
Haya hela. Usiuze fremu tu. Mtalii anayekuja Mikindani au Msimbati ananunua kidogo na kwa msimu. Wanaolipa vizuri ni wenye kazi na picha: mtafiti anayeandika ripoti, mradi wa mazingira unaotaka bango la kijijini, hoteli inayotaka kibao cha ndege wa bustanini kwake, waandishi wa vitabu vya shule. Kwako wewe mwenye diploma ya kilimo nenda kituo cha utafiti cha Naliendele, ule utafiti wote wa korosho uko hapohapo mlangoni kwako, peleka karatasi moja tu iliyokamilika, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, kwenye shada la maua kwa mfano, hatua ya kwanza mpaka ya mwisho, mkulima alitambue gonjwa mapema apulizie salfa kwa wakati. Hakuna bwana shamba atakayekuambia hiyo ni kazi ya kitoto.

Na tafadhali tofautisha vitu viwili, picha yenyewe na ruhusa ya kuitumia. Mimi mara nyingi karatasi inabaki kwangu, mteja analipia kuitumia kwenye bango fulani, idadi fulani, muda fulani, akitaka kuichapa kwenye fulana tunakaa tena chini. Kuna mradi mmoja uliwahi kuchukua mchoro wangu kwa bei ya bango moja kisha nikaukuta kwenye kalenda, tangu hapo naandikishiana na kila mtu hata awe rafiki. Kazi zako zisajili ofisi ya hakimiliki.

Binti_Chikongola:
Mungu awabariki. Ya ubwiriunga naianza msimu huu maua yakitoka. Kuskani je, steshenari za mjini zinatosha au mpaka Dar?

Mzee_wa_Mikindani:
Zinatosha, ila mwambie aweke dpi 600 na azime ule mpangilio wa nyaraka, ukiachwa unasafisha usuli na kula vivuli vyako vyote vya kufifia. Futa kioo chao mwenyewe kwa kitambaa kikavu kabla hujalaza karatasi, na skani pamoja na kipande chenye michirizi ya rangi ulizotumia ili anayechapa awe na cha kulinganisha.