Re: Re: Intavyu – nimeulizwa nataka mshahara kiasi gani (Uingereza, 2025)

Kijana wa Wete (Leicester):
Assalamu alaikum wakubwa zangu. Jana nlikuwa na intavyu ya kazi ya stoo, si kubeba maboksi, ya ofisini, kuhesabu mzigo kwenye kompyuta. Mambo yanakwenda vizuri mpaka yule mama wa HR, ofisi ya kuajiri, kaweka kalamu chini kaniuliza natarajia mshahara kiasi gani, wallahi Kiingereza chote kikanihama. Nkasema "anything is okay". Kanyamaza. Nkaona nirekebishe, nkasema "two thousand", mie nahesabu kwa mwezi kumbe wao wanahesabu kwa mwaka, kacheka kidogo kaandika. Leo wameniletea fomu niirejeshe kabla ya Alkhamisi, ina kisanduku cha mshahara. Hili jambo husemwa vipi kwa Kiingereza mtu asionekane mroho wala ombaomba?

Bi Mkubwa (London):
Waalaykum salaam mwanangu. Usitaje mwanzo wewe. Mie 2022 naingia nyumba ya wazee nlitaja pauni 10 kwa saa kwa haya zangu, mwenzangu Mpolandi tulioingia siku moja kataja 12 na kapewa, tukawa tunasukuma kitoroli kimoja miaka miwili, nkija kujua nshachoka. Waulize wao, "what is the budget for this role?", yaani kazi hii wameitengea kiasi gani, halafu funga mdomo. Kunyamaza ndo kazi. Na ujue kima cha chini ni 11.44.

Mzee wa Makunduchi:
Bibi 11.44 ilikuwa Aprili 2024, Aprili 2025 ikawa 12.21, mnawapoteza vijana. Kwa wiki ya saa 37.5 inakuja kama 23,800 kwa mwaka na chini ya hapo hawaruhusiwi kukulipa hata uwapigie magoti. Sasa kijana, 2,000 yako mara 12 ni 24,000. Yaani umewaomba kima cha chini. Na mkononi huzioni hizo, ukishakatwa kodi na NI (bima ya taifa) zinabaki kama 1,730. Ukitaka 2,000 iingie benki sema 28,500.

Dada wa Cardiff:
Na pensheni umeisahau Mzee, nayo inakatwa, basi 28,500 haitoshi. Kila siku mahesabu nusunusu.

Maalim (Milton Keynes):
Jamani kabla ya yote, ana CoS, ile hati ya udhamini wa mwajiri? Viza ya kazi ya Skilled Worker inataka mshahara wa 41,700 kwa mwaka tangu Julai 2025, ile 38,700 ishakufa, sasa mnamwambia ataje 28 sponsa atampata wapi? Mpwa wangu yalimkuta hayo hayo, alikuwa na digrii mbili

Kijana wa Wete:
Maalim mie niko kwa viza ya mke, share code, ile namba ya kuonesha naruhusiwa kufanya kazi, nshawapa.

Mchuma Karafuu:
Yakhe mnanchekesha. Kwetu Pemba mchumaji hapandi mkarafuu mpaka ajue pishi shilingi ngapi mwaka huu. Babu mwenye shamba akitaja ndogo wachumaji wanakaa chini ya mti wanamenya muhogo, wanamwangalia tu, mpaka ifike adhuhuri anaongeza mwenyewe. Hapo hakuna anayeona haya. Tukishuka Heathrow ndo "anything is okay". Mie harufu ya zile karafuu kwenye majamvi barazani hata leo nkiikumbuka...

Mzee wa Makunduchi:
Na huyo babu akishaanika, bei ya kuuzia anapanga yeye au anapangiwa na serikali? Hilo mbona hulisemi.

Mchuma Karafuu:
Siasa tulikatazwa humu Mzee, usinianze.

Kijana wa Wete:
Ahsanteni wote lakini kisanduku hakikubali maneno, namba moja tu. Nmeandika 28,500-30,000 kikawa chekundu. Sasa niweke ipi?

Bi Mkubwa (London):
Mwanangu hebu weka tu… Kwani nani anashuka Unguja Disemba? N'na mzigo wa mama, kilo tatu tu, soksi za miguu na vitamini, hauna ndoo wala sufuria.

Dada wa Cardiff:
Mie nashuka tarehe 14. Mwaka jana Bi Mkubwa kilo tatu zilikuwa saba.