Tupeane uzoefu: profesa anapotakiwa kujibu tuhuma chuoni

Mleta mada:
Wanajamvi, salaam. Nimekaa miaka mitano kwenye kamati ya nidhamu ya wanataaluma katika chuo kimoja hapa Tanzania, na kilichonishangaza zaidi ni namna watuhumiwa wanavyojibu. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kama kilivyotungwa, kilimwekea mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe haki au upendeleo faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo barua ya utetezi si ya kuandikwa kwa mzaha, kwani inaweza kufika TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa.

Hata hivyo, profesa mmoja aliyedaiwa kumwita mwanafunzi wa uzamili hotelini ili "wajadili tasnifu" alituletea kurasa tisa, nane kati yake zikieleza machapisho yake na vigogo aliowafundisha. Ya tisa ilidai kwamba binti huyo ni mtoro. Tulichomuuliza ni alikuwa wapi jioni ile, na hilo hakuligusa popote. Naomba waliowahi kulalamika, kutuhumiwa au kuchunguza watusimulie.

Mchangiaji wa kwanza:
Mimi nilituhumiwa kubadili alama, nikasimamishwa kazi miezi minne kupisha uchunguzi. Rasimu yangu ya kwanza niliiandika kwa hasira, nikitaja miaka yangu 22 ya utumishi. Mke wangu aliisoma hadi mwisho, akaniuliza, "Sasa mume wangu, hapa umewajibu nini?" Niliichana. Nikaandika kurasa mbili tu: tarehe niliyosahihisha, tarehe niliyokabidhi karatasi, aliyezipokea, na nakala ya daftari lenye sahihi yake. Ikabainika kwamba kosa lilifanyika wakati alama zikiingizwa kwenye mfumo. Nilirudishwa kazini kwa barua ya mistari mitatu ambayo hakuna aliyeisoma zaidi yangu, ilhali tuhuma ilikuwa imefika hadi kijijini kwetu. Mpaka leo, nikienda msibani, wapo wanaonisalimia kwa mbali.

Mchangiaji wa pili:
Shikamoo Profesa, na pole sana. Mimi nilikuwa upande wa pili. Msimamizi wangu alichapisha sura ya tasnifu yangu kwa jina lake, na alipotakiwa kujieleza aliandika kwamba mada alinipa yeye na kwamba alinilea kama mwanawe. (Kunilea kulimaanisha kunibebesha mafaili yake.) Kilichoniokoa ni rasimu nilizozitunza, ambazo pembeni mlikuwa na kalamu yake nyekundu ikisahihisha sentensi zilezile alizokuja kuziita zake. Kamati ilipomwekea kurasa hizo mbele, aliomba maji ya kunywa, kisha akaomba kikao kiahirishwe. Wiki hiyohiyo alituma wazee kwa baba yangu ili yamalizwe kifamilia, na baba akakubali kabla hajaniuliza.

Mleta mada:
Pole sana, dada. Je, mhariri wa jarida aliarifiwa?

Mchangiaji wa pili:
Aliarifiwa na profesa mwenyewe, kwamba kulikuwa na "jina lililosahaulika". Makala bado ipo, na jina langu ni la pili.