Kwa nini Emilia hakusema kitambaa kiko wapi? Wivu na ndoa katika Othello

Msomaji wa Kaloleni ameuliza:

Hamjambo ndugu wapenzi wa tamthilia. Kikundi chetu hukutana Jumamosi katika maktaba ya Kaloleni, na kwa majuma kadhaa sasa tumekuwa tukiisoma Othello ya Shakespeare, maandishi yakiwa ya Kiingereza na mjadala ukiwa wa Kiswahili. Tumefika sehemu ya tatu, onyesho la nne, na hapo tumekwama, kwa maana mabishano yamekuwa makali hata watu wawili nusura wasusie kikao.

Mnakumbuka mambo yalivyo. Iago, afisa wa jemadari Othello, anamchochea bwana wake aamini kwamba mkewe Desdemona anazini na Cassio, msaidizi wa Othello. Desdemona ameangusha kitambaa chenye nakshi ya stroberi, zawadi ya kwanza aliyopewa na Othello. Emilia, anayemhudumia, amekiokota na kumkabidhi mumewe Iago, ambaye kwa kauli ya Emilia mwenyewe alikuwa amembembeleza mara mia akiibe. Muda si muda Desdemona anamwuliza Emilia waziwazi kitambaa kimepotelea wapi, naye anajibu kwamba hajui. Kisha Othello anaingia, anakidai kitambaa, anakidai tena, anatoka kwa hasira, na Emilia yupo pale pale anaona na kusikia kila kitu.

Vijana wa kiume katika kikundi wanasema kwamba Emilia ana damu mikononi kama Iago. Akina dada wengi wanasema alimwogopa mumewe na kwamba mwanamke wa zama zile hakuwa na hiari. Mimi sijaridhika na jibu lolote kati ya hayo mawili, kwa sababu katika onyesho la mwisho Emilia huyu huyu anamwambia Othello kwamba haujali upanga wake na kwamba atamfichua hata ikiwa atapoteza maisha ishirini. Mwoga hasemi hivyo. Basi ilikuwaje akakosa neno moja mapema, wakati lilipohitajika? Na je, lau angelisema, wivu wa Othello ungalipoa kweli?

Mwalimu mstaafu, Buruburu:

Dada wa Kaloleni, nimefundisha fasihi kwa miaka mingi na swali hili halijapata kunichosha. Kinachonisaidia ni kutazama hadithi ilikotoka. Shakespeare aliichukua kwa Mwitaliano Giraldi Cinthio, ambaye mkusanyiko wake wa hadithi ulichapishwa mwaka 1565. Katika hadithi ile mshika bendera, ambaye kwa Shakespeare ni Iago, anakiiba kitambaa kwa mkono wake mwenyewe, wakati Disdemona amempakata binti mdogo wa mshika bendera huyo, wa miaka mitatu. Mkewe hahusiki na wizi huo hata kidogo, lakini anajua njama nzima, na hathubutu kufungua kinywa kwa kumwogopa mumewe.

Sasa tazama alichokifanya Shakespeare. Amempa mke kile kitendo cha kuchukua kitambaa, kisha akamnyang'anya ile habari ya njama. Maana yake ni kwamba jibu la akina dada wa kikundi chenu, yaani hofu ya mke, lilikuwa mezani likiwa tayari, naye akaliweka kando. Alitaka jambo jingine, na nadhani jambo hilo ni mazoea. Emilia anapokiokota kitambaa anasema kwamba hajui Iago atakifanyia nini. Yeye anataka tu kumridhisha. Anafikiria hata kutafuta mtu wa kuinakili nakshi yake, ili ampe mumewe nakala. Huyu si mwizi mwenye nia mbaya. Ni mke aliyekwisha kuzoea kwamba matakwa ya mume hayaulizwi sababu, na ambaye kabla ya hapo haonyeshwi akipata neno la upole kutoka kwa mume huyo. Iago anapokipokea kitambaa, hapo ndipo tunapomwona akifurahishwa naye.

Jambo la pili ni kwamba Emilia anaudhani wivu wa Othello kuwa wivu wa kawaida. Amewahi kushutumiwa na mumewe kwamba alikuwa na Othello, akavumilia, maisha yakaendelea. Mara tu Othello anapotoka katika onyesho lile lililowakwamisha, Emilia anamwambia bibi yake kwamba mwaka mmoja au miwili hautoshi kumjua mwanamume, kwamba wanaume wote ni matumbo na wanawake wote ni chakula, huliwa kwa uroho na wakishashiba hutapikwa. Dakika chache baadaye anasema kwamba wenye wivu hawaoni wivu kwa sababu fulani. Wanaona wivu kwa kuwa ni wenye wivu, na wivu ni zimwi linalojizaa lenyewe. Hakuna mhusika mwingine anayeujua ugonjwa huu vizuri kama yeye. Ajabu ni kwamba ujuzi huo ndio unaomlaza usingizi: ameuona wivu kwa muda mrefu mno nyumbani mwake hata hatishiki nao.

Nawaomba pia mlisome kwa makini onyesho la tatu la sehemu ya nne, wanawake wawili wakiwa peke yao usiku. Chapa ya kwanza ya tamthilia, ya mwaka 1622, haina ile hotuba ya Emilia kwamba wake wakianguka, lawama ni ya waume, na kwamba wake wana macho, pua na ndimi zinazojua tamu na chungu kama waume wao. Hotuba hiyo imo katika mkusanyiko mkubwa wa mwaka 1623. Bila hotuba hiyo Emilia wa mwisho anaonekana kama mtu aliyebadilika ghafla. Kwa hotuba hiyo tunaona kwamba mawazo yote alikuwa nayo. Lililomponyoka ni kuyaunganisha na kile kitambaa, mpaka Othello alipokitaja mbele ya maiti ya Desdemona, baada ya kumwua.

Kijana wa Umoja:

Mwalimu, kwa heshima zote, nadhani umemhurumia kupita kiasi. Nakubali kwamba katika onyesho lile la kwanza hakujua. Lakini njoo sehemu ya nne, onyesho la pili. Desdemona ametukanwa na mumewe kwa jina la ukahaba, analia, na Emilia anasema mbele ya Iago kwamba lazima kuna laghai fulani, mtafuta cheo, aliyezua uongo huo. Anamkumbusha Iago kwamba mtu wa aina hiyo hiyo ndiye aliyemtia shaka juu yake na Othello. Iago anajibu kwamba mtu kama huyo hayupo, haiwezekani. Emilia ameufikia mlango wa ukweli, ameugonga, na mwenye nyumba amesimama mbele yake! Mpaka hapo bado hataji kitambaa. Mimi naona kosa lake liko hapa kuliko pale mlipokwama, na sidhani mazoea yanatosha kulieleza. Mtu anaweza kukataa kujua.

Wakili wa Ngara:

Nashukuru kwa mjadala huu. Nitajibu swali la pili la dada, kwa sababu naona la kwanza limepata watetezi wazuri wa pande zote.

Wivu wa Othello usingalipoa. Nasema hivyo kwa kuwa Othello aliutafuta ushahidi wa Emilia, akaupata, akautupa. Mwanzoni mwa onyesho analolitaja ndugu yetu wa Umoja, Othello anamhoji Emilia kama shahidi: umewahi kuona lolote, kusikia lolote, umewahi kutumwa nje wakiwa pamoja? Emilia anakana kila kitu na yuko tayari kuiweka roho yake rehani kwamba Desdemona ni mwaminifu. Alipotoka tu, Othello anasema kwamba hata kuwadi wa akili ndogo angeweza kusema hayo. Linganisha na ushahidi wa Iago: ndoto ambayo eti Cassio aliiota, maneno aliyoyasema usingizini, wakati hakuna mtu wa tatu aliyeyasikia. Ndoto iliyosimuliwa na mwanamume inapokelewa, na kiapo cha mwanamke aliyekuwapo kinatupiliwa mbali. Kwa mizani ya namna hiyo, hata Emilia angesema kwamba kitambaa anacho Iago, Othello angemwita mshirika wa bibi yake.

Iago naye ni vivyo hivyo. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza anasema kwamba kuna uvumi kuwa Othello amelala na mkewe, kwamba hajui kama ni kweli, lakini atatenda kana kwamba ana hakika. Hakimu anayeamua kesi kwa kanuni hiyo angefukuzwa kazi, lakini katika tamthilia hii wanaume wawili wanaitumia kuhukumu wake zao, na baba mmoja ameitangulia. Brabantio, baba yake Desdemona, alikuwa amekwisha kumwonya Othello mbele ya baraza la Venice kwamba binti aliyemdanganya baba yake anaweza kumdanganya na mume. Mbegu ile ilipandwa kabla hawajapanda meli kwenda Saiprasi.

Niruhusuni niseme jambo moja la taaluma yangu. Hapa kwetu Kenya, kifungu cha 207 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu hatia ishuke kutoka mauaji ya kukusudia hadi kuua bila kukusudia, iwapo mtu alichokozwa ghafla na akatenda kabla ghadhabu yake haijapata muda wa kupoa. Nimesikia wasomaji wengi wakimtetea Othello kwa hoja inayofanana na hiyo: alipandwa na wivu, akili ikamruka. Lakini yasomeni matendo yake. Katika sehemu ya nne anaomba sumu, Iago anamshauri amnyonge kitandani, naye anaupenda ushauri huo kwa sababu anaona una haki ndani yake. Usiku anaingia na taa, anambusu mkewe akiwa usingizini, anamwuliza kama amesali. Hayo ni matendo ya mtu anayeendesha ibada, na yeye mwenyewe anajua, kwa maana baadaye anajiita muuaji mwenye heshima, aliyetenda yote kwa ajili ya heshima na si kwa chuki. Kisha, kabla ya kujiua, anawaagiza wajumbe wa Venice jinsi ya kuandika habari zake: mtu aliyependa kupita kiasi, asiyekuwa mwepesi wa wivu. Anajitungia hukumu yake mwenyewe.

Tarehe 27 Januari 2024 wanawake wa jiji hili la Nairobi waliandamana kupinga mauaji ya wanawake, nami nilikuwa miongoni mwa waliotembea. Tangu siku ile siwezi kuisoma hotuba hiyo ya mwisho ya Othello kama wimbo wa huzuni tu. Naisoma kama maelezo ya mshtakiwa, na nawasihi wanakikundi waisome hivyo walau mara moja, hata kama baadaye watairudia kwa huruma. Huruma anastahili pia; mtu mweusi aliyezungukwa na watu waliomhitaji vitani na kumdharau nyumbani alikuwa rahisi kushawishika kwamba hapendeki.

Msomaji wa Kaloleni:

Nawashukuru sana. Hoja ya kiapo cha Emilia kutupwa hatukuwa tumeiona kabisa, nami nitaipeleka Jumamosi. Naona hata hivyo kwamba hakuna aliyemtaja Bianca, mpenzi wa Cassio. Kikundini pia tulimpita haraka, kwa kuwa orodha ya wahusika inamwita kahaba na basi. Je, ana nafasi gani katika suala hili la wivu?

Fundi wa nakshi, Pumwani:

Dada, umeuliza swali ambalo nimelisubiri tangu mwanzo wa mjadala huu. Mimi hushona na kudarizi, kwa hiyo jicho langu hufuata kitambaa. Cassio anakiokota chumbani mwake, alikokidondosha Iago, hajui ni cha nani, anampa Bianca na kumwomba ainakili nakshi yake. Bianca hapo hapo anaona wivu: hiki ni zawadi ya mwanamke mwingine. Huo ndio wivu pekee katika tamthilia nzima unaotokana na kitu kilichoshikwa mkononi. Cassio kweli analo la kueleza.

Tazama basi anavyofanya. Anamwuliza yule yule anayemshuku, ana kwa ana. Haridhiki, anaondoka, anarudi, anamrushia kitambaa na kusema kwamba hatanakili nakshi yoyote, kisha anamwambia kama anataka kuja kula chakula cha usiku aje. Wivu umesemwa, umesikika, na umekwisha kwa mwaliko wa chakula. Othello alikuwa amejificha akitazama Bianca aliporudi na kukirusha, na somo lilikuwa mbele ya macho yake, lakini alichokiona ni kitambaa tu mkononi mwa mwanamke aliyemdharau. Kwa nini wivu wa Bianca haumwui mtu? Nadhani ni kwa sababu hana mamlaka juu ya yeyote. Hakuna mwenye sikio la kumsikiliza, hana upanga, hana cheo cha heshima kinachodai kutakaswa kwa damu. Amebakiwa na maneno, na maneno yanatosha.

Nataka niongeze jambo linaloniuma, nalo linarudi kwa Emilia. Katika sehemu ya tano, Cassio anapojeruhiwa gizani, Iago anamshuku Bianca hadharani kwa sababu tu amepauka uso, na Emilia, ambaye usiku ule ule ametoka kuwatetea wake kwa ufasaha mkubwa, anamwita Bianca kahaba. Bianca anajibu kwamba yeye si kahaba, na kwamba maisha yake ni safi sawa na ya huyo anayemtukana. Emilia anakasirika kwa kulinganishwa naye. Aliwatetea wake wa ndoa. Mwanamke asiye na ndoa hakumo katika utetezi wake, na anamwona kwa macho ya Iago. Ndiyo maana siafikiani kikamilifu na Mwalimu wala na kijana wa Umoja. Mazoea yapo, na kukataa kujua kupo, lakini Emilia pia alikuwa na kitu cha kulinda, yaani jina la mke mwema, ambalo lingechafuka mara tu angekiri kwamba amemwibia bibi yake. Analiachilia jina hilo katika onyesho la mwisho, anaposema kwamba ni haki amtii mumewe, lakini si sasa, na kwamba huenda asirudi nyumbani tena. Ningependa kusikia akina dada wa Kaloleni wanayasoma vipi maonyesho hayo mawili ya mwisho yakifuatana, na nani atakubali kusoma sehemu ya Bianca.